Watu Wanaodai Hesabu: Kitui na Makueni, Kutoka Nzama Hadi Ugatuzi

Mwishoni mwa Julai 1938, Wakamba zaidi ya elfu moja, wanaume kwa wanawake pamoja na watoto wao, waliteremka kutoka vilima vya Machakos wakaelekea Nairobi kwa miguu. Walipofika walipiga kambi upande wa Kariokor, wakasema hawabanduki mpaka gavana azungumze nao. Walikaa hapo majuma sita hivi. Hoja yao ilikuwa moja: ng'ombe waliochukuliwa warudishwe.

Wilaya ya Machakos ya siku hizo ilijumuisha pia nchi tunayoiita leo Makueni, ambayo haikupata wilaya yake hadi 1992. Kwa hiyo mtu wa Mbooni, Kilungu au Nzaui anaposimulia habari za 1938 anasimulia habari za kwao. Ng'ambo ya mto Athi, Kitui haikuguswa na ukamataji ule wa ng'ombe kwa kiasi kile kile, lakini iliishi chini ya maafisa wa aina ile ile na ikajifunza somo lile lile.

Serikali ya kikoloni ilikuwa na sababu yake, na sababu hiyo haikuwa ya uongo. Udongo wa Ukambani ulikuwa umechoka, makorongo yamepasua miteremko, na mvua kubwa ikinyesha rutuba yote ilikwenda na maji. Maafisa wa kilimo walisema mifugo imezidi uwezo wa ardhi, na dawa yake ni kuipunguza. Walilonyamazia ni kwamba Milima ya Mua ilikuwa imegawiwa walowezi, na nyanda za Yatta, zilizokuwa malisho ya akiba nyakati za kiangazi, zilikuwa zimetangazwa kuwa ardhi ya Mfalme wa Uingereza. Umewabana watu kwenye vilima, kisha unawalaumu kwa kubanana. Ng'ombe zaidi ya elfu mbili walikamatwa na kunadiwa kwa bei ya kutupa, na wengi waliishia mikononi mwa walowezi. Wakati huo huo kiwanda cha nyama cha Liebig kilikuwa kimejengwa Athi River, nacho kilihitaji ng'ombe wa bei rahisi. Mkamba wa kawaida hakuhitaji kusomewa ripoti ili kuona uhusiano wa mambo hayo mawili.

Aliyeongoza msafara huo ni Samuel Muindi Mbingu, wa chama kilichoitwa Ukamba Members Association. Watu walikula kiapo kwamba hakuna atakayetoa ng'ombe wake kwa hiari. Chama cha Kikuyu Central Association kiliwaunga mkono. Mjumbe Isher Dass akaipeleka hoja yao katika Baraza la Kutunga Sheria. Naye Jomo Kenyatta, aliyekuwa London, akaandika kuihusu katika magazeti ya Uingereza. Mwezi wa Agosti Gavana Robert Brooke-Popham alikwenda Machakos mwenyewe kuhutubia baraza. Haikupita muda Mbingu akakamatwa na kuhamishiwa Lamu, mbali na watu wake, ambako aliwekwa kwa miaka mingi. Lakini kabla ya mwaka kwisha, amri ya kupunguza mifugo kwa nguvu ilikuwa imeachwa.

Nimeanza na 1938 kwa sababu ndipo penye ushahidi ulio wazi kabisa wa jambo ninaloliamini: kwamba mapenzi ya watu wa Kitui na Makueni kwa serikali inayojibu maswali hayakuletwa na katiba yoyote, wala na wafadhili, wala na semina za hotelini. Waandamanaji wale hawakuwa na kura hata moja. Walikuwa na mali iliyochukuliwa bila wao kuulizwa, na kwao hilo la kutoulizwa liliuma sawa na hasara yenyewe.

Desturi hiyo ya kuulizwa ilikuwa ya zamani. Wakamba hawakuwa na mfalme. Kivoi, mfanyabiashara mkuu wa misafara aliyempokea mmishonari Johann Ludwig Krapf huko Kitui mwaka 1849, alikuwa na pembe za ndovu, watumwa na jina lililofika hadi Mombasa, lakini utajiri huo haukumpa mamlaka ya kuamua kesi za watu wengine. Kesi ziliamuliwa katika utui, kijiji chenye mipaka yake, na wazee wa nzama walioketi, wakasikiliza na kubishana mpaka neno likapatikana. Kwa aliyekithiri, mchawi au mwizi asiyesikia, kulikuwa na king'ole, yaani hukumu ya kifo iliyotekelezwa hadharani baada ya jamaa wa karibu wa mshtakiwa kuridhia. Sitaki kuupamba utaratibu huo. Wanawake na vijana hawakuwa na kiti katika nzama, na king'ole iliwaua watu ambao hakimu wa leo asingewatia hatiani. Hata hivyo kanuni iliyokuwa ndani yake ni nzito: hata katika jambo la kutisha kuliko yote, hakuna mtu mmoja aliyeruhusiwa kuamua peke yake.

Wakoloni walipokuja waliona pengo mahali pa mfalme, wakalijaza. Sheria ya mwaka 1902 iliwapa uwezo wa kuteua wakuu wa vijiji, na kutoka hapo akazaliwa chifu, mtu aliyelipwa na mkuu wa wilaya na kujibu kwa mkuu wa wilaya. Alikusanya kodi, akatafuta vibarua na wapagazi, akaamuru watu barabarani. Nzama haikufa, lakini ilisukumwa kando. Mwaka 1911 mwanamke aitwaye Siotune wa Kathuke pamoja na kijana Kiamba wa Mutuavio waliongoza watu kukataa amri za serikali katika wilaya ya Machakos. Wakakamatwa na kupelekwa uhamishoni pwani ya kaskazini. Mabaraza ya wenyeji yaliyoundwa miaka ya 1920 yalileta wajumbe Waafrika mezani, ila mwenyekiti alikuwa mkuu wa wilaya mwenyewe.

Kazi ya kuponya udongo inaeleza vizuri kuliko hotuba yoyote tofauti kati ya amri na makubaliano. Serikali ilijaribu kuwalazimisha watu kuchimba matuta, na watu wakakwepa. Baada ya vita vya pili vya dunia kazi ile ile ilianza kupitia mwethya, vikundi vya kusaidiana ambavyo Wakamba walivitumia tangu zamani kulima na kujenga. Kikundi kilichagua viongozi wake na kupanga shamba la nani lichimbwe lini, na wanawake ndio waliokuwa nguvu yake. Matuta yaitwayo fanya juu yakaenea miteremko yote. Utafiti wa Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki, uliochapishwa 1994, ulionyesha kwamba kati ya miaka ya 1930 na 1990 idadi ya watu katika Machakos na Makueni iliongezeka zaidi ya mara tano, na bado mmomonyoko ulipungua na mavuno yakapanda. Vilima vile vile vilivyosemekana vinakufa kwa wingi wa watu viliokolewa na wingi huo wa watu, mara tu walipoachiwa waamue.

Mwethya ulifundisha pia hesabu. Anayetoa jasho lake kwenye shamba la jirani anajua ni nani hakufika, ni nani alituma mtoto badala yake, na deni la nani halijalipwa. Mabwawa ya mchanga yaliyojengwa baadaye kwenye mito mikavu ya Ukambani, shule za harambee, visima na zahanati, vyote vilipitia mikono iliyozoea kuhesabiana hivyo.

Kura ilichelewa. Waafrika wa Kenya walichagua wajumbe wao wa Baraza la Kutunga Sheria kwa mara ya kwanza Machi 1957, na Ukambani ikamtuma James Muimi. Haikuwa kura ya wote: ilitegemea elimu, mapato na utumishi, na mtu mmoja aliweza kuwa na hadi kura tatu. Uhuru ulipofika 1963 kila mtu mzima alipata yake moja. Miaka saba tu baadaye, 1970, serikali kuu ilizichukua barabara, afya na shule za msingi kutoka kwa mabaraza ya wilaya, na kutoka hapo mtu wa Mutomo au Kathonzweni aliyetaka zahanati yake iwe na dawa alilazimika kumngojea waziri. Siasa ikawa ya kupeleka ujumbe Ikulu na kurudi na ahadi. Katika nchi ya kiangazi kirefu, mahindi ya msaada yaligeuka kuwa chombo cha siasa, na ni rahisi mwenye njaa kusema asante wakati ana haki ya kuuliza mbona yamechelewa.

Mwaka 1988 ulikuwa mbaya kuliko yote. Katika uteuzi wa chama cha KANU, wapiga kura walipangwa foleni nyuma ya wagombea au picha zao. Aliyetangazwa kupata asilimia 70 alipita bila uchaguzi wa siri. Watu waliona kwa macho yao mlolongo mfupi ukitangazwa kuwa mrefu. Ninawajua wazee ambao hadi leo, wakizungumzia wizi wa kura, wanakwenda moja kwa moja kwenye mlolongo, kwa kuwa siku hiyo uwongo ulitamkwa mchana, mbele ya watu waliohesabu wenyewe.

Kifungu cha 2A cha katiba kilichofanya KANU kuwa chama pekee kilifutwa Desemba 1991. Mwaka uliofuata, Kitui ya Kati ilimpeleka bungeni Charity Ngilu kwa tiketi ya Democratic Party, mwanamke aliyejulikana kwa kazi ya vikundi vya akina mama na miradi ya maji. Mwaka 1997 aliwania urais kwa chama cha SDP. Yeye na Wangari Maathai walikuwa wanawake wa kwanza Kenya kufanya hivyo. Ngilu alipata kura zaidi ya 480,000 na kushika nafasi ya tano. Mtu anaweza kuiona hiyo kama kushindwa. Mimi naona kwamba jamii ambayo nzama yake haikuwapa wanawake kiti ilitoa mwanamke aliyeomba kuongoza nchi nzima, na ikampa kura kwa wingi.

Mwaka huo huo wa 1997, mwanasheria kutoka Makueni, Profesa Kivutha Kibwana, alikuwa msemaji wa NCEC, baraza lililodai mabadiliko ya katiba kabla ya uchaguzi. Maandamano ya Saba Saba ya Julai 1997 yalikabiliwa kwa virungu na risasi. Mageuzi yaliyopatikana yalikuwa madogo, lakini madai hayakurudi nyuma, na safari hiyo iliishia kwenye Katiba iliyozinduliwa tarehe 27 Agosti 2010.

Hapa kuna jambo ambalo wengi hulipita haraka. Katika kura ya maoni ya 4 Agosti 2010, wapiga kura 67 kati ya 100 walisema ndiyo, lakini Mkoa wa Mashariki, ambamo Kitui na Makueni zilikuwamo, ulikuwa mmoja wa mikoa miwili iliyosema la. Mwingine ni Bonde la Ufa. Makanisa yalikuwa yamehubiri dhidi ya kifungu cha utoaji mimba na mahakama za kadhi, na viongozi wa eneo walikuwa wamesitasita. Kwa hiyo ugatuzi uliingia Ukambani kwa mlango ambao wengi wa wenyeji hawakuufungua. Sioni aibu yoyote katika hilo. Walipewa nafasi ya kukataa, wakaitumia, na wakashindwa kwa kura. Kisha wakaichukua Katiba hiyo na kuitumia kwa bidii ambayo majirani wengi walioishangilia hawakuifikia.

Machi 2013 Makueni ilimchagua Kibwana kuwa gavana wake wa kwanza kwa tiketi ya chama cha Muungano, na Kitui ikamchagua Julius Malombe wa chama cha Wiper. Mutula Kilonzo, aliyechaguliwa seneta wa Makueni kwa kura nyingi, alifariki mwezi uliofuata, na Julai mwanawe Mutula Kilonzo Mdogo akachaguliwa kushika kiti.

Ugomvi ulianza mapema. Gavana na madiwani wa Makueni hawakuelewana juu ya bajeti: ni kiasi gani kiende kwenye miradi, na kiasi gani kwenye bunge la kaunti lenyewe. Miradi ikasimama. Tarehe 23 Septemba 2014 vurugu zilizuka katika makao makuu ya kaunti mjini Wote, risasi zikafyatuliwa na watu kadhaa wakajeruhiwa, akiwemo mmoja wa maafisa wakuu wa gavana. Kaunti iliyokuwa na mwaka mmoja na nusu ilikuwa imefika mahali pa kumwaga damu kwa ajili ya hesabu.

Kilichofuata ni cha kipekee katika historia ya ugatuzi wa Kenya. Katiba, katika Kifungu cha 192, inaruhusu serikali ya kaunti isimamishwe, na sheria inadai ombi litiwe sahihi na angalau mpiga kura mmoja kati ya kila kumi waliosajiliwa. Watu wa Makueni walikusanya sahihi hizo, zikapita idadi iliyotakiwa. Gavana mwenyewe aliunga mkono kusimamishwa huko, akijua kwamba kungemwondoa yeye pamoja na madiwani. Rais Uhuru Kenyatta aliunda tume chini ya wakili Mohammed Nyaoga, ikasikiliza wananchi, na mwaka 2015 ikapendekeza serikali ya kaunti isimamishwe. Rais akakataa. Gavana na madiwani wakaambiwa warudi kazini wapatane.

Walioweka sahihi wangeweza kukata tamaa hapo. Nadhani kwa watu wengi hiyo ndiyo hatua ambapo imani katika serikali hufa: umefuata sheria hatua kwa hatua, umeshinda mbele ya tume, na bado jibu ni la. Wao walisubiri. Agosti 2017 Kibwana alirudishwa, safari hii akiwa katika Wiper, na wengi wa madiwani wa bunge lile la kwanza hawakurudi.

Katika miaka hiyo hiyo ndipo utaratibu ulioifanya Makueni itembelewe na kaunti nyingine ulipokamilika. Makueni ina wadi 30 katika kaunti ndogo 6, na vijiji vyake vinapita elfu tatu. Mkutano wa bajeti huanzia kijijini. Watu hutaja wanachotaka, hubishana, huchagua wajumbe, na wajumbe hao hupanda hadi kundi la vijiji, kisha wadi ndogo, wadi, kaunti ndogo na mwisho kaunti. Mradi ukishapitishwa, wenyeji huchagua kamati ya kuusimamia. Wanakamati huuona mkataba na bei, huona saruji inayomwagwa, na mwanakandarasi halipwi mpaka watie sahihi. Mzee asiyejua kusoma michoro anajua vyema kama tangi linavuja. Benki ya Dunia ilisaidia kuufunza na kuueneza utaratibu huo, lakini mtu aliyewahi kukaa katika mwethya angeutambua mara moja.

Miradi iliyotoka humo inaonekana kwa macho. Kiwanda cha kusindika maembe kule Kalamba kilijengwa katika eneo ambako mkulima alikuwa akimwachia dalali embe zake kwa bei ya dalali. Bima ya afya ya kaunti, iliyoanza 2016, ilitoza familia shilingi 500 kwa mwaka. Sheria ya mchanga ya 2015 iliweka chini ya usimamizi biashara iliyokuwa imekausha mito na kugharimu maisha ya watu. Kwa mwaka wa fedha wa 2017/18, Mkaguzi Mkuu wa Serikali aliipa Makueni hati safi ya hesabu; kaunti nyingine iliyopata hati hiyo ni Nyandarua peke yake, kati ya kaunti 47.

Hata hivyo mikutano ya vijiji ina udhaifu. Wenye muda ndio wanaohudhuria, orodha ya maombi daima ni ndefu kuliko pesa, na kijiji kilichokosa mwaka huu hujisikia kimedanganywa. Hati safi ya hesabu pia haikuambii kama barabara iliyojengwa ndiyo iliyohitajika.

Kitui ilitumia zaidi kura. Mwaka 2017 ilimwondoa Malombe na kumweka Ngilu, ambaye Januari 2018 alipiga marufuku biashara ya makaa na mchanga kutoka kaunti, kisha akaanzisha kiwanda cha nguo cha KICOTEC kilichoshona barakoa nyakati za Covid. Alikuwa kiongozi wa kuamua haraka, na waliompenda walimpenda kwa hilo. Waliolalamika walisema maamuzi yalitoka juu. Mwaka 2022 hakufika debeni, na watu wa Kitui wakamrudisha Malombe, yule yule waliyemwondoa miaka mitano kabla.

Watafiti wa Afrobarometer, wanaouliza Waafrika maoni yao tangu 1999, walikuta katika nchi 39 kwamba watu 66 kati ya 100 wanapendelea demokrasia kuliko mfumo mwingine wowote. Lakini watafiti hao hao walikuta kwamba 53 kati ya 100 wako tayari kukubali jeshi lishike nchi iwapo viongozi waliochaguliwa watatumia vibaya madaraka yao. Wengine huona hapo kigeugeu. Nikiyasoma majibu hayo pamoja na historia ya Ukambani, nayaona ni jibu moja: watu hawajachoka na kupiga kura, wamechoka kupiga kura na kisha kunyamaziwa. Hatari ni kwamba bunduki nayo haijibu maswali, na wale wa 1938, waliozungumza na gavana mwenye askari, walilijua hilo kabla yetu.

Agosti 2022 Kibwana, muda wake wa ugavana ukiwa umekwisha, aliomba useneta wa Makueni. Watu aliowaongoza kwa karibu miaka kumi walimpa kiti hicho Daniel Maanzo wa Wiper. Mutula Kilonzo Mdogo akawa gavana. Mawimbi ya vyama yalichangia sana matokeo hayo, na wapo walioyaita utovu wa shukrani. Mimi sikubaliani nao. Kura ni ya mwenye kuipiga, na kiongozi mwema hawezi kuidai kama mshahara.

Swali linalobaki liko mtoni, pale Thwake inapokutana na Athi, mpakani mwa kaunti hizi mbili. Huko serikali kuu inajenga bwawa kubwa kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika na mwanakandarasi kutoka China. Ujenzi ulianza 2018, na tarehe ya kumaliza imesogezwa zaidi ya mara moja. Kamati ya kijiji inayoweza kumnyima malipo fundi wa zahanati haina sahihi yoyote kwenye mkataba wa Thwake. Mabilioni ya bwawa hilo yanahesabiwa Nairobi, na watu waliohamishwa kulipisha, pamoja na wale wanaongoja maji yake, wanapouliza lini na kwa nini, hujibiwa na waziri aliyekuja kwa ziara ya siku moja.